Muulize Mpima: Nguzo ikimenywa mita moja tu

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye mgodi wa dhahabu huku Kahama. Chini tumeacha nguzo za mwamba, nazo zina mawe mazuri. Bosi anataka tuzimenye mita moja kila upande, eti mwamba ni mgumu kama chuma. Nitajuaje kama zitahimili?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ugumu wa mwamba ni nusu ya hesabu. Nimepima migodi mpaka magoti yakakataa, na sikuwahi kuanza na mwamba. Nilianza na futi kamba: upana wa nguzo, kimo chake, upana wa njia.

Nikupe mfano wa makaa, maana huko ndiko hesabu hii ilikolipiwa kwa damu. Tarehe 21 Januari 1960, mgodi wa Coalbrook, Afrika Kusini, ulibomoka ukafukia watu zaidi ya 430. Nguzo zilikuwa zimerefushwa kwa kuchimba makaa ya juu. Baadaye watafiti Salamon na Munro walichambua maeneo 125 ya nguzo, 27 kati yake yakiwa yameanguka. Mwaka 1967 wakatoa kanuni ya nguvu ya nguzo: 7.2 mara upana kwa kipeo cha 0.46, gawanya kwa kimo kwa kipeo cha 0.66. Jibu ni megapaskali, kipimo cha mgandamizo.

Chukua kina cha mita 100, nguzo ya mraba ya mita 12, kimo mita 3, njia mita 6. Nguzo hubeba mwamba ulio juu yake pamoja na nusu ya kila njia inayoizunguka: mzigo 5.6, nguvu 10.9. Nguvu ni karibu mara mbili ya mzigo. Salamon na Munro walitaka angalau mara 1.6. Sasa menya kama anavyotaka bosi. Nguzo inabaki mita 10, njia zinakuwa 8. Nguvu inashuka kidogo tu, 10.1, lakini mzigo unaruka hadi 8.1. Umebaki na 1.24. Hapo ndipo wengi hujidanganya: wanaangalia nguzo ilivyokonda, hawaangalii mzigo ulivyonenepa.

Na mkichimbua sakafu kufuata mshipa, mmerefusha nguzo. Ile ya mita 12 ikifika kimo cha mita 5 inabaki na 1.39, bila kuguswa ubavuni.

Hiyo 7.2 usiihamishie Kahama, ni ya makaa ya kule. Kwenye mwamba mgumu wa Elliot Lake, Kanada, watafiti Hedley na Grant walipata mwaka 1972 kwamba kimo kinauma zaidi, kipeo 0.75. Mshipa wenu ukiwa umesimama, hata hesabu ya mzigo inabadilika. Mleteni mhandisi wa miamba kabla ya kugusa chochote.

Kwa sasa piga alama za rangi, pima kiuno cha kila nguzo kila wiki. Ukiona mabamba yanabanduka katikati, nguzo inapata kiuno cha nyigu, toa watu. Bosi utamweleza mkiwa juu.