Protini ya Maharage Inayoamsha Seli za Kinga

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita mkoani Mbeya. Nimesoma kwamba maharage yana protini inayochochea seli nyeupe za damu. Hutengwaje, na je, nikiyala mabichi kinga yangu itaongezeka?

JIBU: Ndugu yangu, naanza na sehemu ya mwisho kwa kuwa inagusa uhai: usithubutu. Maharage mekundu mabichi, hata manne au matano tu, yanaweza kukutapisha na kukuharisha vibaya, na kinachodhuru ni protini hiyo hiyo, fitohemaglutinini. Yaloweke kwa saa tano au zaidi, umwage maji, kisha yachemke barabara, kwani moto hafifu hauivunji.

Mwaka 1960, Peter Nowell wa Philadelphia, Marekani, alionyesha kuwa protini hiyo, iliyokuwa ikitumiwa maabara kugandamanisha seli nyekundu ili zitengane na nyeupe, huzifanya limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, zianze kugawanyika.

Ili kuipata, unga wa maharage makavu hukorogwa katika maji baridi ya chumvi na kuchujwa, kisha huongezwa salfeti ya amonia, aina ya chumvi, mpaka protini zigande na kutuama. Mashapo hayo huyeyushwa na kupitishwa kwenye safu ya chembe zilizobandikwa thairoglobulini, protini ya tezi ya shingo, ambayo sukari zake hung'ang'aniwa na fitohemaglutinini huku protini nyingine zikipita.

Kila hatua lazima ipimwe, na hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Katika sahani yenye vishimo, sampuli huzimuliwa nusu kwa nusu, kisha kila kishimo hutiwa seli nyekundu za sungura. Pasipo na protini ya kutosha, seli huteremka na kufanya kitone chekundu chini kabisa. Ikiwapo, hushikana na kutanda kama zulia jepesi. Nguvu inayosomwa hapo, yaani kiwango cha juu cha kuzimua ambacho bado kinashikanisha seli, ikigawanywa kwa miligramu za protini, inapaswa kupanda kila hatua. Isipopanda, hujasafisha kitu, hata kama maji yanang'aa.

Protini nzima ina uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) zipatazo 120,000, nayo imeundwa kwa vipande vinne vya aina mbili: E, kinachoshika zaidi seli nyekundu, na L, kinachoshika limfosaiti. Michanganyiko yake ni mitano, na anayetaka kuchochea limfosaiti huchagua ule wenye L zote nne. Limfosaiti hukuzwa nao kwa siku tatu hivi, kisha hupewa thaimidini, kijenzi cha DNA, yenye mnururisho. Zinazogawanyika huiingiza katika DNA yake, na kiasi chake hulinganishwa na cha seli zisizopewa protini.

Mwamko huo haulengi kijidudu chochote: seli T, ambazo ni aina ya limfosaiti, huamshwa kwa wingi bila kuchagua, na kwa hiyo haukukingi na ugonjwa.