Andika kwa mwendo wa maksai: kwa anayeanza hadithi za misafara ya Oregon

Rasimu yangu ya kwanza ilianza na farasi. Familia ya wahamiaji Wamarekani inatoka Missouri, katikati ya Marekani, kwenda Oregon, pwani ya magharibi, mwaka 1852, baba kakaa mbele ya gari kashika hatamu, farasi wanne wanakimbia, vumbi linatimka nyuma. Niliipenda sana sura ile. Nikaenda nayo kijijini Usukumani nikamsomea mjomba wangu, mtu aliyelima kwa maksai tangu ujana wake. Alisikiliza kurasa tatu kwa adabu, kisha akaniuliza: "Sasa mjomba, hao wanyama wanakula saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilitumia miezi kulitafuta, na karibu kila kitu ninachokijua leo kuhusu uandishi wa misafara ile kilitokana na swali hilo. Nawe unayeanza, anza nalo.

Wahamiaji wengi hawakutumia farasi. Walitumia maksai, kwa kuwa ni bei nafuu, wana nguvu, na wanashiba kwa nyasi ambazo farasi angekonda nazo. Maksai anayekokota gari hutembea kama kilomita 3 kwa saa, na siku nzuri ilikuwa ya kilomita 24 hivi. Kutoka Independence, Missouri, hadi bonde la Willamette huko Oregon ni takriban kilomita 3,200. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya siku 130, hapo hujaweka mto uliofurika, gurudumu lililovunjika, mazishi, wala siku ya kufua nguo. Ndiyo maana safari ilichukua miezi 4 hadi 6.

Hatamu sahau. Mwendesha maksai alitembea kwa miguu upande wa kushoto wa ng'ombe wake, mjeledi mkononi, akiwaamuru kwa sauti. Gari lenyewe lilikuwa sanduku la mbao la mita 3 hivi kwa mita 1.2, chini hakuna springi, juu turubai lililopakwa mafuta ya kitani, ndani limejaa unga. Aliyekaa humo alitikiswa mpaka meno. Kwa hiyo mama alitembea, watoto walitembea, bibi naye alitembea. Ukimkalisha mhusika wako garini kutwa, awe mgonjwa, mtoto mchanga, au mama aliyejifungua jana.

Jibu la swali la mjomba ni hili: maksai walikula mchana msafara uliposimama kupumzika, wakala jioni, wakala na usiku chini ya walinzi. Katika msafara mkubwa wa mwaka 1843, wa watu wapatao 1,000, walinzi walipiga bunduki saa 10 alfajiri kuamsha kambi, vijana wakaenda kuwakusanya ng'ombe waliotawanyika malishoni, na kufikia saa 1 asubuhi magari yalikuwa yakiondoka. Hebu fikiria saa hizo 3 za giza na umande: moto wa kahawa, nira inafungwa, ng'ombe mmoja hajaonekana. Niliandika sura nzima hapo kuhusu kijana anayemtafuta ng'ombe huyo mmoja, na ndiyo sura ambayo wasomaji huniandikia kuihusu mpaka leo.

Nyasi ndizo zilizopanga kalenda pia. Ukiondoka kabla ya katikati ya Aprili, nyanda hazijachipua na ng'ombe watakufa njaa. Ukichelewa sana Mei, waliotangulia wameshalisha kila kitu, na theluji itakukuta milimani. Kipimo chao kilikuwa jabali la Independence Rock, huko Wyoming ya leo: uwe umelifikia tarehe 4 Julai. Mwaka 1846 msafara wa akina Donner, waliokuwa wakielekea California, ulifuata njia ya mkato isiyofaa, ukachelewa, ukanaswa na theluji ya milima ya Sierra Nevada. Karibu nusu yao walikufa. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno, chora jedwali: tarehe, mahali, hali ya nyasi, unga uliobaki. Mimi nililibandika ukutani juu ya meza. Mara mbili lilinizuia kumpa mhusika maziwa wakati ng'ombe wake alikuwa ameshakauka.

Jikoni ndiko ninakopapenda kuliko pote. Mtu mzima mmoja alishauriwa achukue unga wa ngano kilo 90 na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi kilo 68, juu yake sukari, kahawa na chumvi. Kwa familia ya watu sita gari limeshalemewa kabla hujapakia kitanda. Hapo ndipo pana hadithi! Mama kabeba kabati la marehemu mama yake. Ng'ombe wanachoka. Kufika karibu na ngome ya Fort Laramie, kando ya njia pametapakaa meko ya chuma, vitabu, viti, na mwaka 1849 hata malundo ya nyama ya nguruwe iliyotupwa. Usimwambie msomaji kuwa mama alihuzunika. Mwonyeshe akiondoa vitasa vya kabati kimoja kimoja na kuvitia mfukoni.

Asubuhi maziwa yalitiwa kwenye ndoo na kuning'inizwa garini, na mtikisiko wa njia ukayageuza siagi kufikia jioni. Kandokando ya mto Platte kuni hakuna, hivyo wanawake na watoto waliokota mavi makavu ya nyati na kuyabeba kwenye aproni kwa ajili ya moto. Msomaji wetu aliyekulia kwenye ufugaji hahitaji kuelezwa harufu yake. Mpe tu aproni.

Sasa kifo. Mwandishi mpya hukimbilia mishale. Mwanahistoria John Unruh alihesabu wahamiaji 362 waliouawa na wenyeji kati ya 1840 na 1860, na wenyeji 426 waliouawa na wahamiaji. Maradhi na ajali viliua maelfu. Kipindupindu, hasa 1849 hadi 1852, kilimchukua mtu aliyekunywa chai asubuhi akazikwa jioni. Kaburi lilichimbwa katikati ya njia ili magari yapite juu yake na mbwamwitu wasilifukue. Na hakuna aliyejua kuwa maji ndiyo yaliyokuwa yakiwaua. Wengi walilaumu hewa chafu. Kwa hiyo mhusika wako asichemshe maji kwa hekima ya karne yetu. Achemshe kwa sababu anataka kahawa.

Ule mduara wa magari kambini, unaochorwa kama ngome ya vita, nao ulikuwa hasa zizi la ng'ombe.

Hapa nakuomba usikilize vizuri, maana kosa hili niliona aibu nalo muda mrefu. Nchi ile haikuwa tupu. Msafara ulipita katika ardhi ya Wapawnee, Walakota, Wacheyenne, Washoshone, Wacayuse. Waite kwa majina yao. Lile jina la "Wahindi Wekundu" tuliloletewa na vitabu vya zamani liache. Kwenye mto Snake Washoshone waliwauzia wahamiaji samaki. Kwenye vivuko wenyeji wengi waliwavusha kwa malipo. Na ng'ombe walewale niliokuwa nikiwahurumia walimaliza nyasi za bonde la Platte na nyati wakahama. Mwaka 1851, karibu na Fort Laramie, serikali ya Marekani iliahidi mataifa ya nyanda hizo mali za dola 50,000 kwa mwaka kwa miaka 50. Seneti ikaipunguza miaka hiyo 50 kuwa 10. Familia yangu ya kubuni inapita hapo mwaka mmoja baadaye, ng'ombe wao wakilisha. Hawawezi kupita kana kwamba hakuna kilichosemwa.

Na Weusi walikuwemo. George Washington Bush alisafiri kwenda Oregon mwaka 1844, akakuta sheria inayowataka Weusi waondoke, la sivyo wachapwe viboko. Akapanda kaskazini ya mto Columbia na kukaa mahali panapoitwa Tumwater leo. Biddy Mason, akiwa mtumwa, alitembea kutoka Mississippi hadi Utah mwaka 1848 akichunga mifugo nyuma ya magari, huku akilea mabinti watatu. Mahakama ya Los Angeles ilimtambua kuwa huru mwaka 1856. Ukimtafuta mhusika anayeujua mwendo wa maksai kuliko wote, tazama nyuma ya msafara, kwenye vumbi.

Kuhusu lugha, tuna bahati. Msafara, kirongozi, posho, kituo, kambi: maneno haya yalishatembea Bagamoyo hadi Ujiji, yana jasho ndani yake. Lakini nahau zao usizihamishe kama zilivyo. Wahamiaji walikuwa wakisema "wamemwona tembo", maana yake wameonja dhiki yote ya njia. Nilitafsiri hivyohivyo, msomaji akaniuliza tembo wa Marekani walitoka wapi. Sasa wahusika wangu wameona cha mtema kuni, na kila mtu anaelewa.

Rasimu ya pili nilimsomea mjomba msimu wa kulima ulipokwisha. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho wa sura ya nne, pale maksai wa kushoto anapolala chini jangwani na baba anaifungua nira. Mjomba alikaa kimya, akauliza, "Anaitwa nani huyo?"

Nilikuwa sijampa jina. Usiku ule nilirudi ukurasa wa kwanza, nikamwita Buck, jina ambalo maksai wengi wa njia ile waliitwa, nikaanza kuandika upya.