Ziwa Duluti: mngoje ndege, usimkimbilie

Ukitaka picha nzuri ya ndege Ziwa Duluti, chagua tawi moja wanapotua, ukae ukilitazama. Wapo wanaoizunguka ile njia ya msituni kamera mkononi, kila mlio wanaukimbilia. Wengi huambulia mgongo na mkia, maana ndege aliyeshtuka ameshageuka.

Duluti, pale Tengeru ukitoka Arusha kuelekea Moshi, ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, lenye maji baridi, msitu wa hifadhi pande zote na matete ukingoni. Unatembea kwa miguu, tena kimyakimya. Anza na mdiria, ndege mvua samaki, yule wa rangi nyeusi na nyeupe, kwa sababu ana matawi anayoyarudia. Utalitambua tawi lake kwa kinyesi cheupe kilichokauka juu yake na kwenye majani ya chini. Fika mapema iwezekanavyo, kaa jua likiwa mgongoni mwako, elekeza lenzi tawini, tulia. Ikikaribia saa nne mwanga unakuwa mkali na weupe wa kifua chake unaungua kwenye picha.

Mimi huwa sipigi hata picha moja mpaka nimwone anajichambua manyoya. Ndege anayejichambua amekuzoea. Akinyoosha shingo na kubana manyoya mwilini, au akinya ghafla, yuko karibu kuruka. Kama ni wewe uliyesogea, rudi nyuma polepole. Kama hukusogea, weka kidole tayari.

Akiwa ametulia, kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde inatosha. Akianza kuelea hewani, mbawa zikipiga na mdomo umeelekea majini, panda hadi 1/2000 na uiache ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ipande nayo. Chembechembe kidogo kwenye picha zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa.

Akishazama, usiinamishe macho kukagua ulichopata. Kinachofuata ndicho kizuri zaidi: anarudi tawini na samaki mdomoni, anampigiza kwenye mti, huku na huku, mpaka samaki alegee, kisha anamgeuza na kummeza kuanzia kichwani. Matone ya maji yanaruka kila anapompigiza. Tazama na kifua: dume ana mikanda miwili myeusi, jike ana mmoja, mara nyingi umekatika katikati. Ukijua hilo, picha yako inakuwa na habari ya kusimulia.

Jambo moja nalipinga kabisa, nalo ni kucheza sauti za ndege kwenye simu ili wasogee. Ndege anadhani amevamiwa, anaacha kuwinda au kulea na kupoteza nguvu kumtafuta adui asiyekuwepo. Hakuna picha yenye thamani hiyo.

Mdiria hutaga ndani ya tundu analochimba kwenye ukingo wa udongo. Ukimwona anaingia humo na samaki mzima mdomoni, huenda kuna vifaranga. Piga ukiwa mbali, dakika chache tu, kisha hamia tawi lingine.