Mbolea ya ekari moja

Dada, swali la mwanao (robo tatu ya mfuko wa mbolea imeishia kwenye 2/5 ya ekari ya viazi kule Uyole, je ekari nzima itakula mifuko mingapi?) ni la kugawanya: 3/4 ÷ 2/5. Ila asikimbilie kugeuza juu chini kabla hajaelewa. Ekari ikatwe vipande vitano. Viwili vimekula 3/4, basi kimoja kinakula nusu yake, 3/8. Vitano vitakula 15/8, yaani mfuko 1 na 7/8. Ndiyo maana tunazidisha kwa 5/2. Akipata 8/15 amegawanya kinyume. Hizo ni ekari kwa mfuko mmoja, na babu yake atamcheka: shamba lisilofika nusu ekari limemaliza robo tatu, ekari nzima itoshwe na nusu mfuko?