Nimeona 3 badala ya 8: je, upolisi ndiyo basi?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 21 na tangu utotoni nataka kuwa polisi. Mbio nimekimbia, mtihani wa kuandika nimefaulu, na zile herufi za ukutani nilizisoma hadi mstari wa chini. Kisha nikafunguliwa kitabu cha vidoti vya rangi. Ukurasa wa kwanza niliona 12. Wa pili nikasema 3, mpimaji akanyanyua uso akanitazama. Baada ya hapo kurasa nyingi sikuona kitu. Sikuwahi kujua kwamba nina tatizo lolote. Rafiki yangu ananishauri nizikariri namba zote niombe tena nafasi zikitoka. Mwingine anasema ipo miwani inayotibu. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, maana hiyo 3 yako naifahamu. Marehemu baba yangu aliiona hiyohiyo. Ukurasa ule una 8, ila mwenye upungufu wa kutofautisha nyekundu na kijani huona 3, na ndiyo sababu mpimaji alikutazama. Ile 12 ya mwanzo huonwa na kila mtu. Imewekwa ili ijulikane kwamba umeelewa unachoulizwa.

Wala usijilaumu kwa kutojua. Mtoto huambiwa majani ni ya kijani na damu ni nyekundu, naye anashika. Anakua akitaja rangi kwa kukijua kitu chenyewe. Baba alifika utu uzima bila kujua, hadi siku tulipomwonyesha kwamba soksi moja mguuni mwake ni ya kahawia na nyingine ya kijani. Alizivua zote mbili, akazipeleka dirishani kwenye mwanga, akazigeuza na kuzigeuza. Kwake zilikuwa pacha.

Hali hii hurithiwa kupitia kromosomu X, kibeba urithi ambacho mwanamke anavyo viwili. Mwanamume anayo moja tu, aliyopewa na mama yake. Ikiwa na hitilafu, hana ya akiba. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, wanaume wapatao 1 kati ya 12 wanayo, lakini wanawake ni 1 tu kati ya 200. Mimi naona rangi zote, ila X ya baba ninayo, na kila mwanangu wa kiume alizaliwa akiwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Kwa hiyo waulize wajomba zako. Huenda mmoja wao naye huona 3.

Sasa hilo la kukariri. Nimepima macho miaka mingi, nakuomba usilifanye. Alinijia kijana mmoja aliyekariri kitabu kizima. Alinitajia 74 kabla sijaulaza ukurasa vizuri. Nikaruka kurasa kadhaa, naye akaendelea na namba zake kwa mpangilio uleule wa kichwani. Nilipomwekea ukurasa wa mstari wa kupindapinda, nikampa brashi laini aufuatishe, mkono wake ulibaki hewani. Sikumkaripia. Nilimpa kiti, tukazungumza. Lakini angekuwa kwenye usaili, asingeondoka na macho yenye upungufu tu, angeondoka na jina la mdanganyifu, na hilo polisi hawalisahau.

Vipimo hivi havikuletwa kumkomoa mtu. Mwaka 1875 treni mbili ziligongana Lagerlunda, Uswidi, watu 9 wakafa. Profesa Frithiof Holmgren alihoji kwamba huenda mfanyakazi wa reli alikosea rangi ya ishara, akaanza kuwapima wafanyakazi kwa nyuzi za sufu za rangi mbalimbali. Kitabu ulichofunguliwa wewe ni cha Mjapani Shinobu Ishihara, cha tangu 1917.

Kitabu hicho ni hodari wa kugundua upungufu, lakini si hodari wa kuonyesha ukubwa wake. Hapo ndipo pana tumaini lako. Kipo kipimo kingine, cha Farnsworth D-15: unapewa vifuniko 15 vya rangi uvipange kimoja baada ya kingine kwa kufanana kwake. Wengi wanaoshindwa vidoti, kama upungufu wao si mkubwa, huvipanga sawasawa. Andika barua ya heshima uulize mambo mawili: je, kanuni zao zinakataa kila upungufu, au ule mkubwa tu? Na je, wanapokea kipimo cha pili? Majeshi ya polisi hayafanani. Mwongozo wa afya wa polisi wa Uingereza na Wales wa mwaka 2003, kwa mfano, ulimkataa asiyeona rangi kabisa, lakini wenye upungufu wa aina yako ukawakubali, mradi wajue udhaifu wao na kujipanga nao.

Mwongozo huohuo ulikataza lenzi za kurekebisha rangi. Miwani ile haitibu, mwanangu. Inachuja mwanga ili rangi fulani zitofautiane zaidi, ukiivua umerudi palepale. Usiiingizie pesa zako kwa ajili ya usaili.

Jambo moja usilichelewe: kama unakumbuka rangi zilikuwa wazi zamani na sasa zimefifia, au jicho moja linatofautiana na jingine, muone daktari wa macho wiki hii. Upungufu wa kuzaliwa hukaa macho yote mawili na hauongezeki. Unaokuja baadaye unaweza kutokana na ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa jicho, au dawa kama ethambutoli ya kifua kikuu.

Ukienda kupimwa tena, nenda mchana. Omba ukae karibu na dirisha, maana taa ya manjano huharibu kipimo, na kitabu kiwe sentimita 75 hivi kutoka usoni. Miwani yako ya kawaida, kama unayo, ivae. Kisha taja unachoona tu, na usipoona, sema huoni. Vifuniko ukishavipanga, niandikie vilivyotokea.