Daunswingi ya gofu inaanza chini, mabega yangoje

Ndugu yangu uliyeuliza mbona kwa gofu ukichukua draiva, ile klabu ya kupiga mbali, mpira unatoka poa halafu unapinda kulia unaingia kwa miti, na kila mtu anakujibu tu "zungusha kiuno", hebu tulia kidogo. Hiyo zungusha kiuno mimi ilinimalizia karibu mwaka mzima.

Kocha fulani aliniambia klabu ikifika juu nizungushe kiuno na nguvu zote, nikazungusha bana. Kiuno kilienda lakini uzito ulibaki mguu wa kulia, mabega yakafuata hapo hapo, mikono ikasukumwa nje na klabu ikashuka ikikata mpira kutoka nje kuja ndani. Slaisi, yaani huko kupinda kulia, ikazidi na mgongo nao ukaanza kuuma.

Aliyenifungua macho ni kedi, mzee fulani alikuwa amenibebea begi mashimo sita bila kusema kitu. Shimo la saba nikapiga aioni 7, klabu ya chuma, akainama pale nyasi zimeng'oka, akalaza tee, kile kijiti cha kuwekea mpira, ndani ya ule mkwaruzo. Tee ikaangalia kushoto kabisa na mimi nilikuwa nimelenga bendera, yaani klabu ilipita ikikata. Akaniuliza, "Boss, hujawahi kufyeka na slasha?" Nikacheka, kwani nani alisoma bweni na hakupewa adhabu ya kufyeka? Akasema, "Sasa slasha ulikuwa unaanza na bega?"

Jaribu hata sasa hivi hapo ulipo, shika ufagio. Wakati mkono bado unaenda nyuma mguu wa mbele ushaanza kukanyaga, kiuno kinafungua, kifua kinafuata, mkono ndio wa mwisho. Ni hivyo tu. Tunaopiga kulia, mguu wa mbele ni wa kushoto, na uzito unaanza kurudi huko KABLA bekiswingi, kule kupeleka klabu nyuma, haijaisha. Daunswingi yote, kule kuishusha, ni kama robo sekunde, kwa hivyo ukingoja ufike juu ndio uanze kupanga nini kiende kwanza umeshachelewa, bega litakuwa limeshachukua kazi.

Zoezi lililonisaidia nilifanyia renji, uwanja wa mazoezi, ya pale uwanja wa farasi Ngong Road, watu wakiniangalia kama nimechanganyikiwa. Simama miguu imebanana, aioni 8 au 9, peleka klabu nyuma polepole, ikikaribia juu piga hatua ndogo na mguu wa kushoto kuelekea unakolenga, halafu piga. Siku ya kwanza nilikosa mipira mingi sana, ingine ikabingirika tu kama chungwa. Siku ya tatu nikasikia ule mlio, tak! na sikuwa nimetumia nguvu hata kidogo.

Ukizoea, chukua chupa ya maji tupu uiweke upande wa mbali wa mpira, nyuma yake kidogo kwa ule upande klabu inatokea. Ukishuka na bega utaipiga chupa, hakuna kubishana. Mimi nilimaliza chupa nne kabla niache ujeuri.

Kitu kingine, angalia makalio. Yakisogea mbele kuelekea mpira ukiteremka, unainuka, mikono inakosa nafasi na unaanza kuokoa na viganja. Weka begi nyuma yako liguse makalio kidogo tu ukisimama, na ukipiga kalio la kushoto lirudi kuligusa. Usiliegemee.

Na usidanganyike ukiona slaisi imepungua Nairobi. Huku tuko juu, karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi na mpira haupindi sana. Mimi nilishuka Mombasa nikijiona nimepona, shimo la kwanza tu mpira wa draiva ukapinda, kedi wa huko hata hakuenda kuutafuta, akaingiza mkono mfukoni akanipa mpira mwingine.