Filamu za uhalifu za Japani baada ya vita: achana na bastola, tazama jasho

Mkuu, umesema Stray Dog, filamu ya mwongozaji Akira Kurosawa, ilikuchosha, eti askari anazunguka sokoni tu mpaka usingizi unakuchukua, na unataka kujua wanaoisifia wanaona nini. Nimezitazama sana hizi filamu. Ukikaa kusubiri ufichuliwe nani kaua, utachoka kweli, maana muuaji anajulikana mapema. Humo kuna joto na kuna umaskini, basi.

Hicho kipande cha sokoni ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Ni 1949, Tokyo iliteketea kwa mabomu juzijuzi tu na Wamarekani bado wanaikalia nchi. Mpelelezi kijana Murakami (Toshiro Mifune) kaibiwa bastola ndani ya basi, basi anavaa nguo kuukuu za jeshi na kuzurura kwenye masoko ya magendo akitafuta wanaokodisha silaha. Msaidizi wa Kurosawa, Ishiro Honda, yule aliyekuja kutengeneza Godzilla mwaka 1954, alipiga picha nyingi za humo kwa kamera ya kuficha katika masoko halisi. Zile nyuso zilizochakaa si za waigizaji. Hakuna studio ingeweza kukujengea hilo.

Halafu angalia huyu Yusa anayeua kwa bastola hiyo. Naye alikuwa mwanajeshi, na kama Murakami, aliporudi kutoka vitani aliibiwa begi lenye kila alichokuwa nacho. Mmoja akaenda polisi, mwenzake akawa jambazi. Mzee Sato (Takashi Shimura), mpelelezi mkongwe anayeshirikiana na Murakami, hataki kabisa huruma ya namna hiyo, kwake mhalifu ni mhalifu. Kijana hawezi kumkubalia, na ubishi huo ndio unaoibeba filamu.

Ningekuwa wewe ningeanzia High and Low ya huyohuyo Kurosawa, 1963, halafu nikarudi huko nyuma. Gondo, mmoja wa mabosi wa kampuni ya viatu, anayeishi Yokohama, anadaiwa yeni milioni 30 kumkomboa mwanawe, kumbe mtekaji kakosea, kambeba mtoto wa dereva. Alipe au asilipe? Karibu saa nzima mmefungiwa naye sebuleni, na hutaki kutoka. Nyumba iko kilimani, ina kiyoyozi. Mtekaji yuko bondeni, kwenye chumba ambacho kiangazi hakilaliki, anaitazama nyumba hiyo kila siku. Joto tena.

Ukishaizoea kasi yao, tafuta Stakeout ya Yoshitaro Nomura, 1958. Wapelelezi wawili wa Tokyo wanasafiri kwa treni mpaka mji wa mbali wa Saga, wanakaa dirishani kwenye nyumba ya wageni wakimchungulia mwanamke aliyeolewa, ambaye zamani alikuwa mpenzi wa mtuhumiwa wanayemsaka. Anafagia, anakwenda sokoni, anarudi. Taratibu unaanza kumwonea uchungu yeye kuliko kutaka mtu akamatwe.

Mwongozaji Seijun Suzuki utamsikia akitajwa sana. Branded to Kill ya 1967 ilimponza, studio yake, Nikkatsu, wakamfukuza kazi kwa madai kwamba filamu zake hazieleweki. Mimi nampenda, lakini huyo mwache kwanza.